Ziwa Halipendi Masizi

Harufu ya masizi yaliyolowa maji bado hunikausha mate, mimi mwenye stashahada ya utalii niliyoitafuta kwa jasho langu. Ghuba yetu ya upande wa Igombe mnaijua: Jumapili wageni hujaa, hula sato wa kuchoma na kupiga picha mawe yaliyobebana. Banda kubwa kuliko yote ni langu. Nilirudi kutoka Arusha nikalijenga bila kumpigia mtu magoti.

Zamani palikuwa na mitumbwi ya kwenda Sengerema, dagaa walioanikwa juu ya mawe, na amri ya bibi mzaa baba: sufuria yenye masizi isiguse ziwa. Chota maji kwa ndoo, panda nayo jiweni, sugulia huko. Ukiuliza sababu, alijibu kwamba ziwa halipendi masizi. Na mamba hatukumtaja pale ufukweni, ukimtaja umemwita.

Asubuhi moja dada yangu Kabula alichoka kupandisha ndoo. Alichuchumaa ukingoni, akaligeuzia ziwa mgongo, akawa anasugua sufuria ya ugali kwa mchanga huku akinicheka mimi niliyebaki jiweni: "Mwoga wewe, hata kuku anakushinda."

Nyuma yake niliona gogo. Mawimbi yalikuwa yanakuja ufukweni. Gogo lilikwenda ubavu, likiyakata. Kisha likazama bila sauti. Ulimi ukagoma: nikimtaja, nimemwita, nisipomtaja, dada yangu anakwisha. Mkojo ukanitiririka mapajani.

"Kabula," nikasema, "bibi anakuja."

Aliruka na sufuria yake, akapanda jiwe kama mbuzi. Maji yakapasuka pale alipokuwa, taya zikauma hewa. Hatukulia. Tulishikana tu, masizi yakitupaka sote wawili.

Bibi alipoambiwa hakutuchapa. Alichota maji, akaisugua sufuria ile mwenyewe hadi jua likapanda. Nilikuwa mtu mzima baba aliponiambia kwamba mdogo wake bibi alichukuliwa hapo hapo, akisugua sufuria. Ndipo nikaelewa. Ziwa halina ugomvi na masizi. Masizi ndiyo hayatoki upesi, nayo humweka mtoto muda mrefu akiwa ameligeuzia ziwa mgongo.

Juzi binti anayenisaidia bandani alishuka na sufuria kuelekea majini. Nimesimamisha kibao cha onyo pale, kwa lugha mbili, nimekiandika mwenyewe. Wageni hupiga picha nacho. Nilifungua kinywa nimweleze kitaalamu, yakatoka ya bibi.

"Mwanangu," nikasema, "ziwa halipendi masizi."

Akageuka, akafuata ndoo.