Mistari Iliyomliza Mchapaji

Juzi nilikuwa steshenari moja hapa Iringa mjini, nimeshika shairi langu la beti kumi, vina na mizani vyote vimetimia. Mbele yangu mama muuza nyanya wa Ilula alikuwa akimsomea mchapaji shairi la kumuaga marehemu mama yake.

"Mama, kitenge chako bado kiko kwenye kamba. Kimekauka, na mimi sijakianua."

Yule dada akaacha kuchapa, akajifuta macho kwa kiganja.

Nikamwonea wivu yule mama. Miaka yote naandika, hakuna aliyewahi kutoa chozi.

"Mama, nani kakufundisha?" nikamuuliza, nikijilazimisha kutabasamu.

"Hakuna, baba. Naandikaga, halafu namsomea jirani. Akianza kuangalia pembeni, pale nafuta."

Jioni nikamsomea mke wangu shairi langu. Ubeti wa kwanza, akatazama dirishani. Nikaufuta. Tukaenda hivyohivyo mpaka ukabaki mstari mmoja: "Baba alivipaka viatu vyangu rangi, yeye akaenda pekupeku."

Akaniangalia usoni. "Huo umeutoa wapi?"

Nikamwambia ni wangu. Akacheka, hakuamini. Mpaka leo anamsifia huyo aliyeuandika, na mimi namwonea wivu.