Vijiko vya Mama na Duara la Baba

Karasha ilianza kusaga mawe kabla majogoo hawajawika, na ilinyamaza pale tu mafuta yalipokwisha. Hadi leo nikisikia injini ya dizeli ikikohoa asubuhi, ulimi wangu unaonja vumbi. Vumbi la machimbo lilikuwa jeupe na lenye chumvichumvi. Lilikaa juu ya uji, ndani ya blanketi, na kwenye kope za mdogo wangu Mwita hata akaonekana mzee kabla hajaota meno yote. Nyumba yetu ilikuwa ya turubai na mabati ya zamani, upande wa Tarime, mwendo mfupi kutoka Mto Mara. Mbele, nyuma na ubavuni palikuwa na mashimo: mengine yanachimbwa, mengine yameachwa yakajaa maji ya kijani. Kwa hiyo mama alizungusha kamba ya katani kwenye vigingi, akatuambia kwamba nje ya kamba hakuna mtoto wake. Palikuwa na njia moja tu tuliyoruhusiwa, ile ya kushuka mtoni pamoja naye. Nilikuwa na umri wa kutosha kubeba ndoo ndogo, na nilizijua pande zote za dunia yangu kwa kuzigusa kwa mkono.

Tulikuja pale kwa sababu ya habari. Miaka ile ya dhahabu, habari ilipita vijijini haraka kuliko ugonjwa wa kuku: fulani kapata jiwe, fulani kanunua ng'ombe. Baba alikuwa mkulima wa Nyanungu, mtu wa plau na mifugo. Aliuza maksai wake akaingia ubia katika duara, kama linavyoitwa shimo la wachimbaji. Sheria ya duara ilikuwa nyepesi kuielewa na ngumu kuiishi: mbia anayetoka kabla jiwe halijaonekana anaacha jasho lake kwa waliobaki. Mama alimkumbusha kila mara kwamba baba mdogo, aliyebaki nyumbani, ametuma neno: mvua za kupandia zikipita bila kutuona, shamba letu atalilima mwenyewe. Kwetu, shamba likishalimwa na mwingine, kulirudisha ni kesi ya wazee isiyokwisha. "Ng'ombe akivunjika guu malishoni huja zizini kusaidika, Baba Bhoke," mama alikuwa akisema, akimwita kwa jina langu. Baba alijibu kwa methali yake, kwamba maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, kisha akachukua tochi akashuka shimoni. Mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika upande wa ziwa, na mimi nilijifunza kuyatazama jinsi mama alivyoyatazama, kama mtu anayemwona mgeni akipita mlango wake kwenda kwa jirani.

Duara halikutoa kitu. Kilichotulisha ni kijiko. Mama alikuwa Mjaluo wa Rorya, binti wa mvuvi, na baba yake alimfundisha kuvua bila chambo. Alichukua kijiko cha bati jepesi, cha alumini, akakata mpini kwa tindo juu ya jiwe, akasugua ncha mpaka isikate mshipi. Kisha akatoboa matundu mawili kwa msumari, moja pembeni mwa upande mwembamba, jingine upande mpana. Kwenye tundu la kwanza alipitisha pete ya waya wa spoki ya baiskeli, na juu yake kiungo cha mkufu uliokatika, ili kijiko kizunguke bila kuusokota mshipi. Kwenye tundu la pili alining'iniza ndoana, na juu ya ndoana akafunga uzi mwekundu aliouchomoa kwenye shuka ya baba. Mtoni alisimama juu ya mwamba, mbali na ukingo kwa sababu ya mamba, akauzungusha mshipi juu ya kichwa na kuuachia. Alisubiri kijiko kizame mpaka chini, huko kambare wanakolaza matumbo yao na vichwa vyao bapa kwenye tope. Kisha alivuta polepole, akipumzika, akivuta tena. "Kiyumbe kama kidagaa mgonjwa," aliniambia. "Ukivuta kama mwizi, atakuona ni mwizi."

Baba alizaliwa na watu waliohesabu samaki kuwa chakula cha shemeji zao, lakini alikula. Mbia wake, Marwa, ambaye alikuwa anakula kwetu kila jioni, hakuacha utani. "Shemeji, leo tena unatulisha nyoka mwenye ndevu?"

"Anazo ndevu kukuzidi wewe," mama alimjibu. "Na yeye akiingia shimoni hutoka na kitu."

Marwa alicheka mpaka akapaliwa na mwiba. Baba naye alicheka, akafuta bakuli kwa tonge la mwisho, akasema maneno ambayo wakati ule niliyasikia kama sifa: "Kwa kambare hawa, tunaweza kukaa hapa mpaka masika yaishe." Mama alikuwa ameinama akipuliza moto. Aliacha kupuliza. Nakumbuka moshi ulivyompanda usoni naye asigeuke.

Siku zilizofuata alivua kama kawaida, ila bila kuimba. Nadhani baba aliona, na kwa namna yake akataka kumpoza. Jioni moja alirudi na kizibo cha chupa, ndani yake zebaki kidogo iliyobaki baada ya jirani kuosha mchanga wake. Zebaki ile ya kukamatishia dhahabu tuliichezea sisi watoto bila kuonywa na mtu. Tuliipasua kwa vidole ikawa shanga, tukaikusanya tena ikawa tone. Baba alivichukua vijiko vyote vya alumini, kile cha kuvulia na vile vya kulia uji, akavisugua kwa mchanga mpaka vikachubuka, kisha akavipaka zebaki kwa kitambaa. Viling'aa kuliko kioo cha kinyozi. Alivipanga juu ya kreti, akakaa pembeni kama mtu aliyejenga nyumba. "Samaki wa mbali atakiona," alisema. Mama alikishika kile cha kuvulia, akakigeuza kwenye mwanga wa koroboi, akatabasamu. Ilikuwa zawadi ya kwanza baba kumpa tangu tuhamie pale.

Asubuhi vijiko vilikuwa vimeota. Sijui neno jingine la kusema. Nywele nyeupe zilisimama juu yake kama ukungu juu ya ugali uliolala, na ukizifuta, chini yake bati limekwanguka na kuliwa na zebaki. Baba alikwisha shuka shimoni. Mama alikifuta kijiko chake kwa kanga, akakitazama sana, tukaenda mtoni. Mara ya tatu kukitupa, mshipi ulikazika. Alikuwa kambare mkubwa kuliko wote tuliowaona, mgongo wake mweusi ulipanda juu ya maji ukazama tena. Mama alirudi nyuma hatua kwa hatua, na mimi nikamshika kiuno. Kisha tulianguka wote wawili. Mshipi ulirudi na pete peke yake. Kijiko kilikuwa kimepasuka pale kwenye tundu, kikaenda na samaki, ndoana na uzi mwekundu.

Jioni baba alisema, "Tengeneza kingine."

"Vijiko vimekwisha," mama alisema. Akamwonyesha vile vingine. Alipovikunja kwa vidole vilikatika kama biskuti.

Dukani walikuwa wamekwisha acha kutukopesha. Kuomba kijiko kwa majirani, ili mkewe avue samaki aliowacheka mbele yao, baba hakuweza. Tulikula ugali kwa chumvi, kisha uji wa konzi moja ya unga, kisha Marwa akaacha kuja. Mvua ya kwanza ilinyesha juu ya turubai, Mwita akalia kwa njaa kupita kelele za karasha. Asubuhi ile baba alifika mdomoni mwa duara, akakaa na tochi mapajani, hakushuka. Aliporudi alisema neno moja: "Fungasha." Mama aliikata kamba ya katani kwa panga, akaifungia mizigo.

Nyanungu tulikuta shamba letu halijaguswa, nyasi zimefika magotini. Usiku wa kwanza mama alipika uji. Akaingiza mkono ndani ya debe la unga tulilotoka nalo machimboni, akatoa kijiko cha chuma kizito, kile alicholetewa na mama yake siku ya harusi, na gunzi lililochomekwa ndoana. Baba aliviona. Sisi wote tuliviona.

"Kumbe kilikuwapo," baba alisema.

"Kilikuwapo. Kunywa uji, utapoa."

Alikunywa. Kesho yake aliazima maksai kwa mdogo wake akalima. Kabla ya mavuno Marwa alipita na baiskeli mpya, akatuambia jiwe limeonekana. Baba alimkaribisha, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akaenda kupalilia. Hakumlaumu mama. Ila kile kijiko hakukigusa tena mpaka alipozeeka na mikono yake ikaanza kutetemeka, hapo akakiomba mwenyewe, kwa sababu kilikuwa kizito na hakikuruka.

Sasa naishi Sirari, mpakani. Malori yananguruma usiku kucha yakingoja kuvuka, dirisha langu lina nondo, na kabatini nina vijiko vya seti ambavyo sijui idadi yake. Zebaki nimewaeleza wanangu ni sumu. Wanashangaa kwamba mama yao aliichezea mikononi. Kazi yangu ya kugonga mihuri inanilisha vizuri, na kwa miaka mingi nimesema nitaiacha mwakani. Mama alipokuja kunisalimu mara ya mwisho aliniletea kijiko kile cha chuma, kimelika upande mmoja, hakijatobolewa bado. Aliangalia friji iliyojaa, akaangalia uso wangu, akaniuliza kama samaki wa huku ni watamu.

"Watamu, mama," nikamwambia.

"Ndiyo," alisema. "Na kule machimboni walikuwa watamu."