Nilizuia aliyeanguka asipigwe, akainuka akaua

Admini, jina langu lifiche kabisa, maana wanangu wote wawili wanafuatilia huu ukurasa. Mimi ni bibi wa miaka sabini na mbili, mjane, nakaa Buhare hapa Musoma. Shule sijakanyaga. Haya naongea kwa mdomo, jirani yangu ananiandikia, na nimemwambia asinirembee maneno. Mnaotaka kucheka chekeni, mkimaliza mnisaidie.

Nina watoto wawili wa kiume. Mkubwa anakaa Bunda, mdogo anakaa Butiama. Tangu baba yao afariki hawaongei. Waligombania pa kumzika, nikasema azikwe Butiama kwa wazazi wake, na huyu wa Bunda mpaka leo anasema nilimpendelea mdogo wake. Miaka sita sasa. Mmoja akitaka kuja kwangu anauliza kwanza kama mwenzake yupo.

Kilichowaleta wajukuu wangu pamoja ni mchezo. Aliuleta binti wa yule wa Bunda, nitamwita Nyamisi, anasoma chuo hapa mjini. Mnakaa mezani, kila mtu ana mtu wake wa kubuni kwenye karatasi, ameandikiwa nguvu zake na uhai wake, mnarusha dadu zenye pande nyingi kuona nani kapiga na nani kakosa. Mmoja anakuwa msimulizi, anaeleza pori na hatari zake, na ugomvi ukitokea yeye ndiye anaamua. Wakanichagua mimi. Kijana wa yule wa Butiama, nitamwita Magesa, akasema, "Mke wangu huyu anatisha watu bila hata kitabu!" Kitabu cha sheria za mchezo ni cha Kiingereza, Nyamisi anatusomea. Magesa anakujaga na dada yake, huyo mwiteni Bhoke. Mwaka na nusu, kila Jumamosi mchana, watoto wa baba wasiosalimiana wanakula dagaa sahani moja kwangu. Nilikuwaga nafagia tangu asubuhi kama nasubiri wakwe.

Jumamosi mbili zilizopita mtu wa Nyamisi, mwanamke mchunga ng'ombe anaitwa Ghati, aligombana na shujaa wa Magesa. Waligombania ng'ombe waliowaokoa kwa wezi. Wakapigana, shujaa akaanguka, uhai ukaisha. Nyamisi alikuwa amebakiza pigo moja. Akasema, "Nammaliza."

"Humpigi aliyeanguka!" Magesa akaruka. "Hayumo tena vitani, soma!"

Nyamisi akasoma. Ukurasa mmoja unasema kweli hayumo. Akafunua mwingine, unasema ukimpiga akiwa chini anazidi kukaribia kufa. Sasa tushike upi? Wakanigeukia. "Bibi, amua."

Nikaona Magesa ameanza kukunja karatasi zake. Nikajua huyu akitoka hivi harudi, na dada yake harudi. Hapo hapo Bhoke akasema mtu wake, ambaye ni mwanamke, anamkimbilia shujaa wa kaka yake kumkinga. Nikapata pa kushika. Nikasema, "Kwetu nilipokuwa msichana, wanaume wakipigana na mwanamke akamfunika aliyeanguka kwa nguo yake, hakuna wa kushusha fimbo. Na humu ni hivyo hivyo."

Nyamisi akacheka. "Bibi na sheria zako za machungani! Haya, nimeacha." Akaweka dadu mezani. Yule mtoto aliniheshimu.

Zamu ikafika kwa Magesa. Aliye chini anarusha dadu kuona kama atapona. Yake ikaleta ishirini, na kwa ishirini kitabu hakina maneno mawili, unainuka. Akainuka. Akasema, "Nampiga Ghati mgongoni." Akarusha. Pigo likazidi uhai wake mbali sana, na kwa pigo la hivyo kitabu hakikupi nafasi ya kuanguka, Ghati akafa.

"Bibi!" Nyamisi akasimama. "Nimemwacha kwa sababu yako!"

"Bibi alisema nisipigwe," Magesa akasema, anacheka mpaka machozi. "Mimi kupiga nani kanikataza?"

Sasa nisikilizeni, hili hata padri sijamwambia. Ile desturi ina nusu ya pili. Aliyefunikwa anaacha silaha yake pale pale chini, anaondoka mikono mitupu, ugomvi unapelekwa kwa wazee. Niliona kwa macho yangu, na aliyevua nguo siku hiyo ni mama yangu mzazi. Maneno yalikuwa mdomoni. Nikamwangalia Magesa alivyofurahi, huyo ambaye dakika tano nyuma alikuwa anaondoka, nikayameza. Nikasema, "Ndivyo dadu ilivyosema."

Nyamisi alikusanya dadu zake moja moja, akaniambia, "Mwaka na nusu nimekaa na Ghati, bibi," akatoka bila kula.

Kesho yake baba yake akapiga simu. "Mama, hata kwenye mchezo wa watoto unachagua Butiama?" Jioni akapiga mdogo, kashasikia. "Mama, ukimfufua huyo Ghati, wanangu hapo usiwategemee tena."

Jumamosi iliyopita nilipika, hakuja mtu.

Nikiitoa nusu ya pili leo, Magesa atasema nimeitunga kuwapoza wa Bunda, na wa kunishuhudia wote wako kaburini. Nikinyamaza, Nyamisi amekwenda, na ni mimi niliyemshika mkono akapigwa. Nilijaribu kujitoa, nikawaambia waamue wenyewe. Nyamisi na Magesa, kila mmoja kwa simu yake, wakanijibu kama wameambizana: bila bibi hakuna mchezo.

Jumamosi hii wamesema watakuja kusikia neno langu, halafu ndiyo waone kama kuna Jumamosi nyingine. Nimezoea kumwambia mtu ukweli wake usoni, awe mkubwa awe mdogo. Huu wa kwangu mwenyewe umenishinda. Nikisema mbele yao kwamba nilijua na nikanyamaza kusudi, ni yupi kati yao atakayeniamini tena nikiamua chochote? Mliosoma na msiosoma, niambieni: niwakalishe wote pamoja, au nimwite Nyamisi kwanza peke yake? Na nikishamwita, naanzia wapi?