Tepu Yenye Mistari Meusi

Sista Siti Abdalah alisikia harufu ya kidonda cha tatu kabla hajakifungua, na papo hapo moyo ukamwambia kwamba amemsingizia mtu.

Ilikuwa Jumanne, Septemba ya mwaka 2013, katika wodi ya wazazi ya Hospitali ya Nyarusange, pembeni ya barabara iendayo Kibondo. Aliyelala kitandani alikuwa Immaculée, mama wa Kikongo aliyeletwa na gari kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu akafanyiwa upasuaji wa uzazi. Siku ya tano hiyo. Uso wake ulikuwa unang'aa kwa homa.

"Mama, kidonda iko nauma sana," alisema. "Usiku sikulala hata."

"Kuna mtu amekupaka kitu hapa? Majani? Mafuta?"

"Nani atanipaka? Mie niko peke yangu hapa. Hata wa kuniletea chai hakuna."

Siti akafunga bandeji. Kitanda cha pili kutoka pale alilala mwanamke wa Rungwe Mpya, naye kidonda chake kilikuwa kimeanza kutoa usaha juzi. Yeye pia hakupakwa kitu. Alikuwa anauguzwa na mama yake mzazi, mlokole asiyeruhusu hata mwarobaini ndani ya nyumba.

Na wa kwanza alikuwa Evaline wa Heru Juu. Evaline alikuwa amekwisha kuzikwa.

Ili msomaji aelewe hofu ya Siti, hana budi kujua alichokifanya. Siti alizaliwa Kondoa, akaletwa Kigoma na barua ya uhamisho. Mwaka 2012 alipelekwa semina ya wiki mbili, akarudi amekabidhiwa kazi ya kusimamia kinga ya maambukizi hospitali nzima. Aliishika kazi ile kwa mikono miwili. Yeye ndiye aliyewafundisha wahudumu kupima jiki kwa kikombe badala ya kukadiria kwa macho. Yeye ndiye aliyemtoa daktari kijana nje ya wodi kwa sababu hakunawa. Wauguzi walimwita "Bi. Sabuni" akiwa amegeuka kisogo, naye alijua, na wala hakuona vibaya. Jina lake lilikuwa safi kama sakafu zake.

Evaline alipopata homa mwezi wa nane, Siti alikagua kila kitu, na chini ya kitanda akakuta kichupa cha maji ya kijani. Mama mkwe wa mgonjwa, Bibi Ernesta, alikuwa ameketi pale amembeba mjukuu mchanga.

"Hii nini, bibi?"

"Umubirizi, maji ya majani. Wa kunywa, tumbo lipoe. Sisi wote tumezaa tukinywa huo."

Siti hakuuliza zaidi. Evaline alipofariki, aliandika kwenye taarifa: *Ndugu walitumia dawa ya kienyeji kwenye kidonda.* Hakuliona tukio hilo kwa macho yake, wala hakuambiwa na yeyote. Aliliandika kwa sababu lilifaa, na kwa sababu kila kitu kingine alichokisimamia yeye mwenyewe kilionekana kiko sawa.

Lau angeishia kwenye karatasi, pengine lingefukiwa humo. Lakini Siti alikuwa mwalimu. Kila asubuhi aliwafundisha wajawazito na ndugu zao kwenye benchi la kliniki, na kwa wiki tatu mfululizo somo lake lilikuwa hilohilo: "Kuna bibi mmoja, sitamtaja, wa huko Heru Juu. Kaleta majani yake. Leo mkwewe yuko kaburini na mtoto hana mama." Hakumtaja. Ilikuwa na haja gani? Benchi zima lilimjua. Habari zikapanda mlima na bodaboda kabla ya saa sita. Longinus, mume wa Evaline, alimwondoa mama yake nyumbani kwa maneno mazito, akamnyang'anya mtoto mikononi. Bibi akashuka bondeni kwa binti yake. Kisimani, wanawake walimpisha achote peke yake.

Hayo yote Siti aliyasikia, na alikuwa ameyasikia kama ushahidi kwamba somo limeeleweka.

Sasa kulikuwa na kidonda cha pili na cha tatu, na hapakuwa na kichupa chini ya kitanda.

Jumatano hakula. Alipima jiki mwenyewe. Alikagua glovu, mabomba ya maji, mashuka, kucha za wauguzi. Kila alipokuta jambo liko sawa, badala ya kufurahi alizidi kuogopa. Alhamisi daktari alikuwa na upasuaji mwingine saa nne. Saa mbili, Siti aliingia chumba cha kuchemshia vifaa.

Chumba kile kilikuwa milki ya Yusuph, mhudumu wa makamo, Muha wa Gwarama, mtu mpole, asiyechelewa kazini. Mashine yake ya mvuke ilikuwa sufuria kubwa la chuma lenye mfuniko wa kukazwa kwa skrubu, ikikaa juu ya jiko la mkaa, maana umeme wa jenereta haukutosha. Vifaa vya upasuaji vilifungwa kwa kitambaa, kitambaa kikabandikwa tepu maalumu. Tepu hiyo huwa nyeupe. Ikipata mvuke wa kutosha, hutoa mistari meusi. Mistari ikitoka, kifurushi kimeiva. Isipotoka, ni kibichi.

"Mwakeye, Sista," Yusuph alimsalimia, akipiga makofi mepesi kama ilivyo desturi ya kwao. "Leo umekuja kutukagua au kutupikia?"

"Nimekuja kutazama. Endelea na kazi yako."

Yusuph akakunja kitambaa juu ya mikasi na koleo, kwa ustadi wa mtu anayemfunga mtoto nepi. Kisha akanyoosha mkono ukutani. Pale palikuwa na vipande vya tepu vimebandikwa kwa safu, vingi, vimekatwa sawasawa. Akabandua kimoja, akakigandamiza kwenye kifurushi.

Kipande kile kilikuwa na mistari meusi.

Siti akakigusa kwa kidole. "Yusuph. Hicho kifurushi kimeshachemshwa?"

"Bado. Ndiyo nakipeleka."

"Mbona tepu yake ina mistari?"

"Ndiyo, ni tepu nzuri," Yusuph alisema kwa fahari. "Nazitunza. Nikifungua kifurushi nabandua polepole, isichanike. Hii moja nimeitumia mara nane."

"Na mpya? Si zililetwa mwezi wa saba?"

Yusuph akasogea karibu, akashusha sauti kama mtu asiyetaka kumharibia mwenzake jina. "Sista, zile zimekuja mbovu. Hazina mstari hata mmoja. Nimeziweka kabatini, nikasema nisilete maneno. Si wewe ulitufundisha? Yenye mistari meusi ndiyo ya kuaminika, isiyo na mistari usiiamini. Na ukasema tepu ni adimu, tusipoteze hata kipande."

Alikuwa amesema hivyo. Neno kwa neno. Mbele ya wahudumu kumi na wanne, kwa Kiswahili chake cha mbio, akiwa na saa mkononi kwa sababu muda wa mafunzo ulikuwa unakwisha. Kisha akauliza, "Mmeelewa?" nao wakajibu kwa pamoja, "Tumeelewa." Hakumwambia hata mmoja asimame aonyeshe.

Akatazama rafu. Vifurushi vilivyoiva na vilivyokuwa vinasubiri jiko vilikaa bega kwa bega, vyote na mistari yake meusi.

"Yusuph, mtu akija kuchukua seti wewe haupo, anajuaje ipi imeiva?"

"Anatazama te—" Alitazama rafu, akatazama ukuta wake. "Wa Heru Juu alipasuliwa Jumapili," alisema polepole. "Nilikuwa kanisani."

Wakaketi wote wawili kwenye ndoo zilizopinduliwa. Halafu Siti akainuka, akakimbia kusimamisha upasuaji.

Vifurushi vyote vilifunguliwa, vikachemshwa upya kwa tepu mpya, na mama wa saa nne alipasuliwa saa tisa huku Siti amesimama mlangoni akiikodolea mistari macho. Immaculée na mwenziwe walibadilishiwa dawa. Hayo yalifanyika vizuri, na sina haja ya kumpamba mtu kwa kufanya lililo wajibu wake.

Jambo gumu lilibaki. Jioni alimkuta mganga mfawidhi, Daktari William, ofisini kwake.

"Umefanya kazi kubwa," daktari alisema. "Tutaandika kwamba mashine ilikuwa na hitilafu. Yusuph tumhamishie bustanini, yaishe."

"Yusuph alifanya nilichomfundisha."

"Basi tuandike hitilafu ya mafunzo."

"Na yule bibi?"

"Bibi yupi?"

"Wa Heru Juu. Nilimwandika."

Daktari akavua miwani. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechoka. "Dada Siti, marehemu amekwisha kuzikwa. Ukienda kule ukasema hospitali ndiyo iliyoua, unajua kitakachofuata? Kesho kutwa wanawake watazalia migombani. Utaua kumi kwa kumsafisha mmoja. Nenda nyumbani, ulale."

Maneno hayo yalikuwa na uzito, na Siti aliondoka nayo. Ijumaa nzima aliyageuza. Ni kweli watu wangeogopa. Ni kweli angeweza kupoteza kazi, na watoto wake wawili wako shule Dodoma. Lakini kila alipolikaribia lile neno "yaishe" aliona mtoto akinyang'anywa mikononi. Kuna watu hudhani uongo ukishaota nyasi juu yake umekuwa ardhi. Hauwi. Mtu fulani bado amelala chini yake.

Jumamosi asubuhi alipanda bodaboda kwenda Heru Juu.

Longinus alikuwa uani akianika maharage. Alimtambua, akafuta mikono. "Karibu, Sista. Mwakeye."

"Nimekuja na neno. Nataka walisikie wote waliolisikia lile la kwanza."

Longinus akamtuma dada yake amwite balozi wa nyumba kumi na majirani. Walikuja watu kama ishirini. Siti alisimama katikati ya ua. Alisema vifaa havikuchemshwa. Alisema kosa lilitoka kwenye somo lake. Alisema umubirizi ulikuwa wa kunywa, na kwamba yeye hakuona mtu yeyote akiupaka kidondani, aliandika tu.

Kuku walikuwa wanadonoa maharage na hakuna aliyewafukuza.

"Kumbe mmetuulia mtu, halafu mkatutupia majani," alisema mzee mmoja.

"Ndiyo," Siti akajibu.

"Na mimi mke wangu yuko na mimba ya miezi minane. Nimpeleke wapi? Kwako?"

"Mlete. Uniambie nikuonyeshe kifurushi kabla hakijafunguliwa. Nisipokuonyesha, ondoka naye."

"Bi. Sabuni!" mwanamke mmoja akacheka kwa uchungu. "Sabuni yenyewe ndiyo chafu!"

Siti alikuwa anamtazama Longinus. Kijana yule alikuwa ameinamisha kichwa. Hakumtukana, wala hakumgusa. Alipita mbele yake kama anayepita mbele ya jiwe, akashuka njia ya bondeni, kwa mama yake, kwa hatua kubwa.

Saa nzima Siti alikaa kwenye kigoda alichosogezewa na balozi, watu wakimzunguka. Alihesabu vibaya vidole vyake, akarudia. Je, bibi akikataa? Je, akiwa ameshaugua kwa majonzi? Kuna makosa ambayo mtu hukiri akiwa amechelewa, na kukiri huko hakumrudishii yeyote kitu.

Longinus alirudi peke yake. Macho yake yalikuwa mekundu na magoti yana udongo.

"Amekataa," alisema. "Mimi amenisikia. Anasema harudi kwa kuitwa na mtoto aliyemfukuza. Anasema aliyemtangaza ndiye aende."

"Nitakwenda."

Balozi akainuka kumsindikiza. Siti akamzuia kwa mkono, kisha akabadili nia. "Twende wote, mzee. Ninyi wote twendeni. Nilimtangaza mbele za watu."

Wakashuka kwa mstari mrefu katikati ya migomba na mihogo, Siti mbele, viatu vyake vya kazini vikiteleza kwenye changarawe. Dada yake Longinus alifuata nyuma na mtoto wa Evaline mgongoni.

Bibi Ernesta alikuwa barazani kwa binti yake akimenya mihogo. Hakusimama. Hakuitikia salamu. Alimaliza muhogo aliokuwa nao, akautia kwenye beseni, akaweka kisu chini. Aliutazama umati wote, mmoja mmoja, hadi waliokuwa nyuma wakainamisha nyuso. Kisha akasogea kidogo kwenye mkeka.

"Kaa," alimwambia Siti. "Kiswahili changu kidogo. Sema polepole, kila neno."

Siti akavua viatu, akaketi, akaanza.