Viti vya Regina vilivyomnyima Odilia pampu

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Odilia Kasian anapanda kutoka mtoni na debe la maji kichwani, shingo imenyooka kama askari wa gwaride. Debe halishikwi. Mkono mmoja umebeba jembe, wa pili unamtishia kuku aliyeingia kwenye vitunguu.

"Regina! Kuku wako ameshiba kuliko mimi!"

"Mwache ale," jirani yake anajibu kutoka shamba la pili. "Si wewe ndiye tajiri wa kijiji?"

Majaruba yote yanacheka. Hapa Malolo, wilayani Kilosa, utani huo una miezi minane na haujaonyesha dalili ya kuzeeka.

Odilia ana miaka 46 na analima robo ekari ya vitunguu. Kwa siku hupandisha madebe hamsini, na robo ekari nyingine imelala tu. "Ardhi ipo, mgongo ndio umeisha," anasema. Msimu uliopita alivuna magunia tisa. Yalipofika Mikumi, kwa lumbesa ya mnunuzi, gunia la kujazwa kupita mdomo, yakawa saba.

Mwaka jana ukaja mradi. Dunia, wakaelezwa mkutanoni, imeazimia kupunguza umaskini uliokithiri kwa nusu ifikapo mwaka 2015.

"Kama ni nusu," Odilia akanyoosha kidole, "waanze na nusu yangu ya juu. Ndiyo inayobeba debe."

Kaya maskini kabisa zingepewa pampu ya kukanyaga kwa miguu, inayovuta maji mtoni hadi shambani. Mwenyekiti wa kitongoji, Mzee Mwinshehe, akatangaza kuwa wageni watapita nyumba kwa nyumba Jumatano, kuona nani ana nini.

Mwenye akili angeficha hata kijiko. Odilia alisikia neno moja tu: wageni.

Hilo alirithi. Baba yake, manamba, kibarua wa mashamba ya mkonge kule Kimamba, alikuwa na kiti kimoja maisha yake yote, na hakuwahi kukikalia. Kilikuwa cha wageni.

Basi Jumanne jioni Odilia akaazima kwa Regina viti vinne, meza, chupa ya chai na redio. Redio ya nini?

"Wageni wakae kimya kama wako msibani?" anajitetea.

Jumatano karani wa mradi, kijana mwenye makaratasi, akaingia. "Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kaa, kaa."

"Viti hivi ni vya hapa nyumbani?"

"Vya nyumbani, baba."

"Na redio?"

"Ya nyumbani. Niongeze sauti?"

Leo anacheka, ameziba mdomo kwa khanga. "Ningesema nimeazima, chai ingewapita kooni?"

Karani akahamia kwa Regina, akakuta mkeka na kuta. Akatikisa kichwa kwa huruma. Regina akaapa kwamba vitu vyake viko kwa jirani.

"Akaniambia, pole mama, usione haya," anakumbuka Regina. "Nikaandikwa maskini mimi, mwenye meza!"

Pampu ikaenda kwa mwenye meza. Regina aliibeba mwenyewe hadi kwa Mzee Mwinshehe, ibadilishwe jina. Akajibiwa kuwa jina limeshakwenda Morogoro, halirudi. Tangu hapo Regina humwazima Odilia pampu hiyo kila Jumapili. Siku sita zilizobaki ni mgongo.

Alhamisi hii mradi unarudi kwa awamu ya pili, na ndiyo ya mwisho. Odilia akikosa tena, ile robo ekari itaendelea kulala.

"Viti nimevifunga kwenye nguzo," Regina anaonya. "Kwa kamba ya mkonge. Baba yako angeijua."

"Kaa navyo. Safari hii ndani hawaingii." Odilia anamimina maji kwenye jaruba, taratibu, miche isilale. "Nitawapokea hapa hapa. Kila mgeni namtwisha debe moja kutoka mtoni. Akifika juu, ndipo aandike."

"Yule karani na kiatu chake kile cha mjini?"

"Avue."

"Na wakitaka kukaa?"

Odilia anamaliza kumimina maji. Swali hilo limemgusa pabaya. Kisha analigeuza debe tupu, kitako juu, analipangusa kwa ncha ya khanga mpaka linang'aa.

"Watakaa hapa," anasema. "Na hili waliandike. Hili ni langu."