Yowe Lililoitikiwa na Shimo

Haya niliyaona mchana, jua likiwaka, nikiwa sina homa wala sijaonja pombe. Ulikuwa wakati ule watu wanakimbilia dhahabu kule Geita, nami nilikuwa kijana nisiyejua kuogopa.

Jirani yetu Nkwabi alikuwa na shimo porini, ng'ambo ya Nyarugusu. Halikutoa kitu. Mganga akamdanganya kwamba litatoa dhahabu likinyweshwa damu ya msichana. Basi akamnyakua mdogo wangu Kabula kisimani. Nilichukua mkuki wa baba, nikafuata nyayo.

Nyayo zikaniingiza katika kijiji cha ajabu. Hebu fikiria: kengele za ng'ombe zilijazwa pamba zisilie. Kuku waliitwa kwa kugonga kibuyu kwa ukucha. Watoto walicheza kimya. Umewahi kuona watoto wa namna hiyo?

“Mwadila, mayu!” nilimsalimu mama mmoja aliyekuwa akipepeta mtama.

“Mwadila,” alinong'ona. “Mwanangu, umemeza ngoma? Punguza sauti.”

“Amepita mwanamume na msichana?”

“Sasa hivi, kamfunga mdomo. Tulipomsogelea akatoa panga. Wahi, lakini usipige yowe hapa, kwa sababu—”

Sikungoja sababu. Nilikwisha kumwona Nkwabi mbali, akimburuta Kabula kupandisha kilima. Mkuki usingemfikia.

Sasa nikueleze, maana huenda kwenu hamna desturi hii. Kwetu Usukumani, aliyeporwa hupiga yowe, na kila anayelisikia huacha jembe akakimbia kusaidia. Asiyekwenda hutengwa. Mimi ningefanya nini? Nilipiga.

Nyuma yangu milango ilifungwa. Jibu likatoka mbele, chini ya ardhi, kwenye mashimo ya zamani yaliyoporomoka: sauti za wanaume wengi, kama watu waliomo kisimani. Kisha wakapanda juu. Niamini. Walikuwa na sululu mabegani, na macho yao yalijaa udongo. Mmoja alinigusa bega akipita. Alikuwa baridi kama mtungi.

Nkwabi alimwachia Kabula akakimbia. Walimzunguka. Hawakumpiga hata kofi. Walimshika tu mikono, wakateremka naye shimoni kama watu wanaorudi kazini. Alikuwa akiliita jina langu mpaka udongo ulipomfunika.

Nilimbeba Kabula mpaka kwa yule mama. Alimfungua mdomo, akampa uji, ndipo akamalizia maneno yake.

“Wachimbaji wale walipofukiwa, walipiga yowe usiku kucha. Sisi tuliogopa udongo, hatukwenda. Tangu hapo wanaitikia la kila mtu, halafu wanadai waitikiwe lao. Sasa wamekusaidia. Wakikuita, utakwenda?”

Nilimpandisha Kabula mgongoni, tukarudi nyumbani.

Nimehamia Ibadakuli, mbali na mashimo, lakini kila mvua zikianza ninawasikia, na miguu yangu husimama yenyewe. Mke wangu hasikii kitu. Kabula anasikia. Huja na kamba ya ng'ombe, hunifunga kiunoni, naye hujifunga ncha ya pili, tukaketi hivyo mpaka sauti zinyamaze. Ameanza kuzeeka, na nguvu zake zinapungua.

Je, ningejua, ningelipiga yowe lile? Ndiyo, kwa ajili yake ningelipiga. Kwa hiyo sikuambii uache kumwokoa mtu wako. Nakuambia hivi: ugenini, hata ukiwa na haraka ya kuokoa roho, msubiri anayekukataza amalize kusema. Na ukisikia yowe la jirani, rafiki yangu, nenda siku hiyohiyo, angali hai.