Kopo la Tumbaku la Mama

Mwezi uliopita, nikiwa na mimba ya miezi mitano, nilikwenda kliniki hapa Kasulu. Muuguzi aliniuliza bila kuinua macho kwenye kadi, "Tumbaku unatumia? Ya kuvuta, ya kutafuna, au ile ya puani?" Nikajibu hapana. Ila nakwambia ukweli, ndugu yangu, nilivificha vidole vyangu chini ya kanga.

Nilikulia Busunzu, na kule tumbaku tunaiita itabi. Bibi alikuwa na mistari minne ya mitumbaku nyuma ya jiko. Kila jioni, kabla sijaota moto wala kuonja ugali wa muhogo na maharage ya mawese, nilikuwa na kazi yangu: kulowesha majani makavu kwenye kopo na kuyakamua mpaka maji yawe meusi, na vidole vyangu pia. Mama aliyamimina kiganjani, akayavuta puani, kisha akaibana pua kwa kibanio cha mti. Akituita wakati huo, sauti ilitoka kama ya mtu mwenye mafua, nasi tulicheka. Majirani zetu wote wa kike walifanya vivyo hivyo.

Nilipokuwa na miaka kumi, mama alishika mimba. Alitapika mno. Bibi akamwambia aongeze tumbaku: itatuliza kichefuchefu, na mtoto hatakuwa mkubwa wa kumtesa siku ya kujifungua. Nikawa nalowesha asubuhi na jioni.

Kweli, mtoto hakumtesa. Alizaliwa wa kike, mwepesi hata ukimbeba ulihisi umebeba nguo tu. Bibi alifurahi. Lakini mdogo wangu alinyonya kidogo, akachoka, akasinzia. Mkunga wa zahanati, mama mmoja aliyehamishiwa kwetu kutoka mkoa mwingine, alimpima, akarudia kumpima. Kisha akasema, "Mama, hiyo tumbaku iache. Imemdumaza tumboni, na sasa anaipata kwenye maziwa."

Mama aliitikia, na alijaribu. Siku tatu alishinda akishika kichwa, akitufokea kwa kila kitu. Siku ya nne aliniita taratibu. "Mwana wanje, mwanangu, niloweshee kidogo tu."

"Mkunga alikataza," nikasema.

Hakunipiga. Alikaa chini pale pale mlangoni, mtoto mapajani, akalia. Sikuwahi kumwona mama akilia. Nikaenda kuchukua kopo.

Mtoto alifariki akiwa na wiki sita. Tulikuwa shambani tukichuma maharage, naye mgongoni kwa mama. Mama alimshusha ili amnyonyeshe, akamgusa shavu, akamgusa tena. Mkunga alikuja msibani. Alisema watoto wadogo kiasi kile wengine hawafiki mbali, na hakuna awezaye kuapa ni nini hasa kilichomwondoa. Tumbaku hakuitaja, nadhani kwa huruma. Mimi nilisubiri aitaje.

Walipomaliza kuzika, kabla hata majirani hawajatawanyika, mama alininyooshea lile kopo. Nikalowesha.

Aliacha miaka mingi baadaye, bibi alipofariki na mitumbaku ikakosa wa kuipalilia. Jiko lile limeanguka. Moshi wake, kicheko chetu, wale kina mama waliokaa ukutani na vibanio puani, vyote vimekwisha, na siwezi kukudanganya kwamba sivikumbuki kwa hamu.

Baada ya kliniki nilipanda gari hadi Busunzu, nikamwomba mama anionyeshe alipozikwa mdogo wangu. Pote sasa ni muhogo. Mama alinyoosha mkono upande wa migomba. Shangazi, aliyetufuata, akasema hapana, ni kule chini, karibu na mfereji. Walibishana kidogo kwa Kiha. Kisha mama akasema, "Labda," akainama kung'oa magugu, palepale alipokuwa amesimama.